Matanga ya Jicho la Kulia

Jumatatu, 3 Machi 1975

Mvua imeanza leo saa nane mchana, bila hata kupiga hodi. Nimewaambia wanafunzi wangu wa kisomo kila mmoja aandike daftari la siku zake masika hii yote, hata kama ni mstari mmoja. Wakaniuliza, "Na wewe mwalimu, utaandika?" Nikajibu nitaandika. Ndiyo haya.

Darasa letu liko kwenye baraza ya ofisi ya tawi, hapa Temeke. Wanafunzi ni ishirini na mmoja, wote watu wazima, na wa mwisho katika kila kitu ni mume wangu. Anakaa nyuma kabisa. Nikimwita asome ubaoni anasimama, anakuna kichwa, anasema, "Mwalimu, kichwa changu mpingo mtupu. Hakiingii kitu." Darasa zima linacheka, na mimi nabaki na chaki mkononi nimeaibika. Mwaka juzi alikuwa akinisomea mwenyewe barua za mwanetu Albano kutoka Tanga, kwa kusuasua, lakini akisoma. Mwaka huu ati amesahau herufi zote.

Nyumbani namwita Baba Albano, kama inavyopasa. Humu daftarini, ambamo yeye hawezi kusoma, nitamwita Polikarpo na nitasema ninavyotaka.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Kuni zimelowa. Polikarpo analalamikia unga wa njano. Hata mimi siupendi, ila mimi nakula kimya.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekwenda sokoni Buguruni. Kabla hatujatoka Polikarpo akasema, "Mama Albano, vaa ile nyekundu." Alisema hivyo hivyo Jumapili iliyopita kanisani, na wiki iliyopita tulipokwenda kwa wifi yangu. Ana kanga moja tu anayoipenda, ile yangu nyekundu ya kuiva. Miaka ishirini na sita ya ndoa, halafu mtu anaanza leo kutazama mavazi! Niliona haya kama binti. Sokoni alinifuata hatua mbili nyuma yangu, hakunipoteza hata mara moja, pamoja na lile tope na ule msongamano. Siku zote nimewaambia wanawake wenzangu kwamba mwanamume wa Kimakonde hajui kumsifu mtu. Naomba radhi.

Jumatano, 12 Machi

Leo ni siku ya kuandika.

Polikarpo amejikata kidole gumba kwa patasi. Amechonga vinyago miaka thelathini na kovu mikononi ni moja, la utotoni. Kasimiri, mwenyekiti wa ushirika wao wa wachongaji, ndiye aliyemleta, kidole kimeviringishwa tambara. Kasimiri ana wasiwasi na sababu anayo. Ushirika umepewa kazi ya kuchonga nguzo kubwa ya mpingo, watu thelathini waliobebana, ya kwenda kwenye maonyesho ya Sabasaba. Fundi wake mkuu ni Polikarpo. Hajawahi kupata kazi ya heshima kama hiyo, na sidhani kama atapata nyingine.

Tukaenda zahanati. Tulipoingia chumba cha dawa, Polikarpo alivua kofia, akainama, akasema kwa sauti ya kanisani, "Shikamoo, daktari."

Nikatazama. Ukutani palikuwa na koti jeupe limetundikwa kwenye msumari. Daktari mwenyewe hayupo, kaenda kunywa chai. Polikarpo akasubiri marahaba yake. Haikuja. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, "Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu," sauti ikajibu nyuma yetu. Alikuwa nesi mmoja mfupi, mnene, ameshika beseni, machozi yanamtoka kwa kucheka. "Koti limeitikia. Mzee, kwenu wapi?"

"Newala."

"Mmakonde! Nilijua tu. Mie Myao wa Tunduru, naitwa Tunu. Mungu kaniletea mtani hadi mezani."

Hapo nikajua tumekwisha. Sisi Wamakonde na Wayao ni watani tangu enzi za babu zetu. Myao anaweza kukutukana mchana kweupe, akakamata kuku wako akaenda naye, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Tunu alimfunga Polikarpo kidole huku akimtukana taratibu, kuanzia babu zake.

"Nilijua ni koti," Polikarpo akasema. "Nilikuwa nalitania."

"Ndiyo, mtani. Na lenyewe limefurahi."

Lakini alipomaliza alinyanyua kidole chake mbele ya macho ya Polikarpo, akakipeleka huku na huku polepole, na kicheko kikamwisha. Akaandika kwenye kadi: aje Jumanne, apimwe macho.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemuuliza usiku wa jana, anaona vizuri? Amesema kuna moshi kidogo. Nikamwambia leo hatukupika kwa kuni. Akageukia ukutani.

Jumanne, 18 Machi

Naandika haya kwa aibu, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kumtoa mwanafunzi darasani kwa kunakili.

Jana jioni Polikarpo alinikalisha chini. "Mama Albano, wakiandika kwamba sioni, Kasimiri atanitoa kwenye nguzo. Atampa mwingine. Mie nitabaki kuchonga vijiko."

"Sasa unatakaje?"

Akanieleza. Alikuwa ameshaulizia watu waliopimwa. Wanakuonyesha karatasi ukutani yenye alama kama kitana cha meno matatu, nawe unaonyesha kwa mkono meno yameelekea wapi. Mimi nitakaa kando. Nikikohoa mara moja, juu. Mara mbili, chini. Nikikwaruza kiti, kushoto. Nikikaa kimya, kulia. Nilikataa. Akasema, "Basi, sawa," kwa ile sauti yake ya mtu aliyefiwa. Nikakubali.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri ajabu. Nesi Tunu akigusa alama kwa kijiti, mimi nakohoa, Polikarpo anaelekeza mkono juu kwa madaha. Nakwaruza, anaelekeza kushoto. Tunu akasema, "Loo, mtani, macho ya mwewe!" Tulifika mstari wa tano.

Hapo ndipo kikohozi cha kweli kikanijia. Nimelowa na mvua wiki nzima, kifua kimejaa. Nikakohoa mara tatu. Mkono wa Polikarpo ukapanda, ukashuka, ukapanda. Nikajaribu kukizuia, kikazidi. Nilikohoa hadi nikainama, na kila nilivyokohoa mume wangu alikuwa anazungusha mkono hewani kama askari wa barabarani aliyezidiwa na magari. Tunu alikuwa ameshaondoa kijiti ukutani zamani. Amekaa juu ya meza, anatutazama.

"Endeleeni," akasema. "Msinijali."

Ametuandikia barua ya kwenda kwa daktari wa macho, hospitali kubwa mjini, Jumatatu. Tulipotoka Polikarpo akaniambia, "Ungekunywa asali asubuhi." Mimi ndiye mwenye makosa!

Alhamisi, 20 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimefua kanga zote, na kukauka hakuna.

Jumatatu, 24 Machi

Nimerudi sasa hivi na sijui nicheke au nilie. Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi Polikarpo akasema, "Vaa ile nyekundu." Nikamwambia bado mbichi. Nikavaa ya kijani. Akasema, "Basi usiende mbali nami." Nikatabasamu mwenyewe, mjinga mimi.

Hospitali ilifurika watu. Nilimwacha kwenye nguzo ya kwanza, nikaenda kupanga foleni dirisha la kadi. Kurudi, hayupo. Nilimtafuta chumba cha sindano, chooni, hadi chumba cha maiti niliuliza. Baada ya nusu saa nikamwona kwa mbali kwenye kliniki ya wajawazito. Amekaa katikati ya benchi, kofia magotini, kina mama sita upande huu na watano upande ule. Nesi wa pale alikuwa anawahutubia wote: "Mwoneni ndugu huyu! Na umri wake wote huo, kamsindikiza mkewe. Nyie waume zenu wako wapi?"

Polikarpo anaitikia kwa kichwa, ametulia. Na kando yake msichana mmoja, hata miaka ishirini hajafika, tumbo hilo, anamtazama kwa hofu. Msichana amevaa kanga nyekundu ya kuiva.

Nilimshika mkono nikamtoa pale. Nesi akaniuliza, "Na wewe ni nani wake?"

Nje, chini ya paa, mvua inamwagika, nikamuuliza alikuwa anafanya nini kule. Akasema, "Nimefuata nyekundu."

"Nyekundu ipi?"

"Watu wote mie nawaona kama nguo zilizoanikwa kwenye ukungu, Mama Albano. Nyekundu ndiyo inayopenya. Ukivaa ile, nakuona."

Ndipo nilipoelewa. Hakuwa akinisifu. Kanisani, sokoni, kwa wifi, alikuwa anataka alama ya kufuata, kama vile mtu anavyomfunga mbuzi wake kitambaa asimpoteze. Na mimi nilivyojitazama kwenye kioo! Niliumia, nasema kweli. Niliumia kwa ajili ya kanga kuliko kwa ajili ya macho yake, Mungu anisamehe.

Daktari wa macho ni Dakta Gozbert, kijana mrefu wa Bukoba, mwenye upole. Alimmulika, akatueleza. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa zaidi. Inatakiwa apasuliwe kabla masika haijaisha, kwani likiachwa likaiva kupita kiasi linaweza kuharibika lote, na hapo hakuna daktari atakayelirudisha. Kitanda kipo Jumatatu tarehe kumi na nne Aprili.

"Mnalitoa?" Polikarpo akauliza.

"Tunatoa ule utando tu, mzee. Jicho linabaki mahali pake."

"Mnakata?"

"Kidogo."

Polikarpo akasimama, akavaa kofia. "Mwanangu, mie mchongaji. Mpingo ukishaukata umekata. Kipande kikiondoka hakirudi, hata uwe fundi wa namna gani. Nashukuru kwa wema wako." Akatoka, akagonga mlango, akauomba radhi.

Jumanne, 25 Machi

Sijamsemesha.

Jumatano, 26 Machi

Bado.

Ijumaa Kuu, 28 Machi

Kanisani nimevaa ya kijani kwa makusudi. Akanishika mkono mlangoni hadi kwenye benchi, mbele ya watu wote, jambo ambalo Mmakonde hafanyi. Nimeanza kumsemesha.

Jumatano, 2 Aprili

Kasimiri alikuja kunitafuta peke yangu darasani, akanichukua hadi kibandani kwao kuitazama nguzo. Nzuri mno. Watu wamebebana mabegani, mikono imeshikana, kutoka chini hadi juu. Akanionyesha mtu wa kumi na saba. Uso uko mbele, pua, midomo, kila kitu. Kisha akaizungusha nguzo. Mtu yule yule ana uso mwingine kisogoni.

"Nilimuuliza," Kasimiri akasema, "akanijibu, 'Huyu anatazama tulikotoka.' Katibu wa ushirika akapita, akaushangilia, akasema hilo ni wazo zito, tuliandikie maelezo. Lakini mie namjua, shemeji. Alipoteza upande. Alichonga kwa vidole, akasahau kwamba kule ameshachonga."

"Utamtoa kwenye kazi?"

"Nguzo ni ya ushirika, shemeji, si ya mtu mmoja. Kama hataki kutibiwa, mwisho wa Aprili itabidi." Alikuwa anatazama chini. Ni rafiki yake tangu wote wawili walipoteremka kutoka Newala, na kusema vile kulimgharimu.

Sasa najua pia kwa nini kichwa cha Polikarpo kimekuwa mpingo darasani. Alikuwa haoni ubao. Aliona heri watu wamwite mjinga kuliko wamwite kipofu. Na mimi nilimwita mjinga, si mara moja.

Jumatano, 9 Aprili

Zimebaki siku tano na hataki. Nimebembeleza, nimegomba, nimepika wali. Anasema atafunga na kusali. Nimemwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akajibu kwamba mwenzake mmoja kule Keko alipasuliwa na jicho likarudishwa limegeuka, likawa linatazama ndani ya kichwa. Nikamuuliza jina la mwenzake huyo. Amelisahau.

Nimekwenda kwa Tunu kumlilia. Alisikiliza, akafikiri. "Dada," akasema, "daktari kashindwa, mke kashindwa, mwenyekiti kashindwa. Sasa ni kazi ya mtani. Jumapili muwepo nyumbani."

Jumapili, 13 Aprili

Nitaandika hadi wino uishe.

Tulirudi kutoka kanisani saa tano. Mvua ilikuwa imepumzika. Polikarpo amekaa kibarazani ananoa tezo yake ya kuchongea, mimi nachambua mchele. Ghafla kilio kikaangua njiani, kilio cha msiba hasa, "Yoooo! Jamani yooo!" Majirani wakatoka. Aliingia Tunu, kanga kichwani, nyuma yake wanawake watatu wa Kiyao na mjomba wake, mzee Fakihi, amebeba mkeka. Wakatandika mkeka katikati ya uwanja wetu, wakakaa, wakaendelea kulia.

"Nani kafa?" Polikarpo akasimama, tezo mkononi.

"Usisimame, mfiwa," mzee Fakihi akamwambia kwa huruma. "Kaa chini. Kazi ya Mungu haina makosa. Tumekuja kuzika jicho lako la kulia."

Majirani walikuwa wameshajaa uani. Mtu mmoja akacheka, mwingine akamkanya: matangani hakuchekwi. Tunu akasimama kutoa wasifu wa marehemu.

"Marehemu Jicho alizaliwa Newala. Alikuwa na heshima, jamani! Alipokuja zahanati kwetu alilisalimia koti shikamoo, tena mara mbili. Nani tena katika mji huu atayaheshimu makoti?" Wanawake wakapiga yowe. Mmoja akaingia ndani mwangu bila kuomba, akatoka na koti la Polikarpo la kanisani, akalitundika mlangoni. Wakapanga mstari, mmoja mmoja akapita akiliinamia: "Shikamoo." Fakihi, nyuma ya mlango, anaitikia, "Marahaba, hamjambo wanangu?" Kisha mwanamke mwingine akajitia mimba kwa mto wangu wa kitandani, akakaa, na Tunu akakaa karibu naye kwa unyenyekevu, kofia magotini. Hilo la kliniki nilimsimulia mimi. Nilificha uso katika ungo.

Polikarpo alijikaza. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hadi akashika nguzo ya baraza. Kwa wiki tatu nilikuwa sijamsikia akicheka.

Nikadhani yamekwisha. Lakini Fakihi akagonga fimbo chini. "Sasa mirathi. Marehemu ameacha nini?"

Tunu akamwendea Polikarpo, akaichukua tezo mkononi mwake taratibu. "Ameacha hii. Mwenye nyumba haihitaji tena, kwani aliyekuwa akiitumia ni marehemu."

Tezo ile aliachiwa na baba yake. Mpini umelika kwa viganja vya watu wawili.

"Rudisha, mtani," Polikarpo akasema.

"Nirudishe kwa nani? Kwa kipofu? Akakate vidole vilivyobaki?"

"Tunu. Rudisha tezo yangu."

Hakuna aliyecheka. Niliona shingo yake inavimba, nikaogopa atakasirika. Na alijua kama sisi sote tulivyojua kwamba kitu kilichochukuliwa na mtani msibani hakinyang'anywi. Kinakombolewa, na mtani ndiye anayetaja cha kukombolea.

"Unataka nini?" akauliza mwishowe.

"Sitaki kuku wako. Kesho saa mbili asubuhi, mlango wa wodi ya macho. Nina zamu ya kupeleka wagonjwa. Ukiwapo, tezo yako utaikuta chini ya kitanda. Usipokuwapo, naipasulia kuni." Akaifunga ndani ya kanga. Wakakunja mkeka, wakanipokonya na kuku mmoja kwa ajili ya desturi, wakaondoka wakiimba.

Polikarpo alikaa muda mrefu. Mvua ilirudi, na hakuingia ndani hadi nilipomfuata.

"Mama Albano," akasema, "wakilikata likaharibika, mie si kitu tena."

"Utakuwa mume wangu," nikamwambia. "Mkaidi, mwongo, na mume wangu."

Kabla ya kulala ameniuliza kama ile nyekundu imekauka.

Jumatatu, 14 Aprili

Imekauka. Nimeivaa. Tulifika saa mbili kasoro robo. Wamempa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, akalivaa kinyume, uwazi mbele. Tunu akamgeuza akisema amewahi kuona vinyago vya Kimakonde vyenye aibu zaidi.

Alhamisi, 17 Aprili

Wamempasua leo asubuhi. Nilikaa nje na rozari. Nilisali kwa makosa sala ya marehemu, nikaanza upya.

Ijumaa, 18 Aprili

Macho yote mawili yamefungwa bendeji. Mifuko ya mchanga huku na huku kichwani asigeuke. Dakta Gozbert ametoa amri ya siku saba: asikohoe, asipige chafya, asijigeuze, na zaidi ya yote asicheke, mshono usije ukafumuka.

Jumamosi, 19 Aprili

Tunu amekuja kumtazama. Nilimsihi mlangoni kwa mikono miwili asifanye utani. Akaniapia. Aliingia kwa kunyata, akasimama karibu na kitanda, akasema kwa adabu kubwa, "Pole sana, baba yangu. Mungu akujalie," akanyamaza. Basi. Adabu hiyo ndiyo iliyomponza Polikarpo. Niliona kidevu kinaanza kutetemeka. Akafinya shuka. Akaanza kutaja majina ya mitume kwa sauti. Alipofika kwa Bartolomayo, Tunu kwa upole akasema, "Koti linakusalimu," akakimbia.

Hakucheka. Alijiuma mdomo hadi ukatoka damu. Nesi wa zamu alikuja kuufunga na huo.

Alhamisi, 24 Aprili

Wamefungua bendeji. Polikarpo akasema, "Nuru." Kisha akasema, "Ukungu." Hakuona uso wa mtu yeyote. Daktari ametuambia ni kawaida, hadi apate miwani, na miwani ni baada ya wiki tano, jicho litulie. Kasimiri alikuwapo. Amesema ushirika utangoja hadi mwanzo wa Juni, si zaidi.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Mvua.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Anakaa kibarazani na tezo magotini, anaipapasa. Simuulizi anachowaza.

Jumatano, 14 Mei

Amekuja darasani, akakaa nyuma. Sikumwita ubaoni. Akanyoosha mkono mwenyewe: "Mwalimu, mie ubao siuoni. Lakini nisomee, nitashika." Darasa halikucheka. Nilisoma mara mbili, akakariri yote. Hakuna mpingo kichwani mle.

Jumapili, 25 Mei

Mvua imekatika siku ya tatu sasa. Asubuhi kuna baridi.

Jumatatu, 2 Juni

Miwani! Minene kama vitako vya chupa, jozi mbili, moja ya mbali na moja ya kusomea. Alianza kwa kuvaa ya kusomea akatazama barabara, akapiga kelele kwamba amepofuka. Dakta Gozbert akambadilishia. Polikarpo akasoma ule ukuta wa vitana hadi mstari wa saba, na mimi sikukohoa hata kidogo.

Tumepitia kibandani. Aliizunguka nguzo mara tatu. Akasimama kwenye mtu wa kumi na saba. "Huyu wa nyuma nani kamchonga?"

"Wewe," Kasimiri akasema.

Akamtazama tena. "Mzuri. Aachwe." Akachukua tezo, na mlio wa kwanza wa mpingo uliposikika Kasimiri akageuka kando akajifuta uso.

Nyumbani, ambako Kasimiri alitusindikiza, Polikarpo ameona kila kitu. Ameona paa linavuja kona ile. Ameona kutu ya ndoo. Ameona mvi za Kasimiri akamcheka. Ameona kwamba jogoo wa jirani ni yule aliyekuwa akidhani ni kuku wetu. Mimi nilisimama mbele yake mlangoni, nimevaa ile nyekundu, nimejipaka na mafuta. Akanitazama muda mrefu kupitia vitako vile vya chupa. Akasema, "Mama Albano, maji yamechemka."

Basi. Mtu mwenye macho hahitaji alama. Nyekundu nimeikunja, nimeitia chini kabisa ya sanduku. Masika imekwisha, na daftari hili nalifunga.

Ijumaa 6 Juni 1975

Mimi Polikarpo ninaandika. Mwalimu alisema kila mwanafunzi aandike. Mimi sikuandika kwa hiyo ninaandika hapa.

Nimesoma daftari hili siku tatu wewe ukiwa darasani. Ya koti si kweli. Nililitania. Ya kikohozi ni kweli. Ya mbuzi kufungwa kitambaa si kweli na imeniuma.

Umeandika nilikutazama nikasema maji yamechemka. Kasimiri alikuwa kibarazani. Mbele ya Kasimiri ningesemaje.

Leo nimefungua sanduku. Nimetandaza kanga zako zote kitandani. Ziko kumi na moja. Nimevaa miwani na nimezitazama moja moja kama mtu anayechagua gogo. Ya kijani ina ndege. Sikujua kama ina ndege. Ya njano ni nzuri pia. Zote nimeziona vizuri.

Kesho kutwa tunaenda kanisani. Jumatatu tunaenda kwa daktari kwa jicho la kushoto.

Vaa ile nyekundu.